Filamu Hainywi Maji: Mwongozo wa Kudhibiti Umeme Tuli kwenye Mashine za Filamu na Karatasi

"Dar hii stetiki itoke wapi, fundi? Huoni watu wanavyolowa jasho?" Swali hilo la stetiki, yaani umeme tuli, nimeulizwa na mabosi watatu, kwenye viwanda vitatu, na kila mara nyuma ya bosi alikuwa amesimama opareta anayejipangusa mkono kwenye suruali kwa sababu jora la filamu ya plastiki limetoka kumpiga shoti. Bosi hakukosea kuhusu jasho. Alikosea kudhani filamu nayo inatoka jasho.

Nawaandikia mafundi wa matengenezo na waendesha mashine wa viwanda vya vifungashio: wanaochapa filamu, wanaochana majora, wanaobandika tabaka, wanaokata mifuko ya karatasi na ile ya kitambaa cha plastiki iliyoshamiri tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kama mashine yako inatumia wino au gundi yenye kiyeyushi (majimaji ya aina ya thina), anza na sehemu ya viyeyushi huko chini, kisha urudi hapa. Mengine yote ni hasara ya mali. Ile ni habari ya roho za watu.

Unyevu wa Dar unadanganya

Hewa yetu ina maji mengi, hilo halina ubishi. Asubuhi unyevu hupita asilimia 80 bila shida. Karatasi, pamba na mbao hunywa unyevu huo, na kitu kilichokunywa maji hupitisha umeme kidogo kidogo, chaji ikavuja yenyewe kabla haijasumbua mtu. Ndiyo maana karatasi iliyokaa wazi kwenye ghala la Chang'ombe huwa tulivu. Lakini polipropilini, polithini na poliesta hazinywi. Loweka kipande cha filamu ndani ya pipa usiku kucha, kipanguse asubuhi, kisugue kwenye kitambaa: kitanasa vumbi kama jana.

Halafu kuna kikaushio. Chukua hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ipashe ndani ya kikaushio cha mashine hadi nyuzi 70. Maji hayajapungua hata tone, ila hewa ya moto ina uwezo wa kubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo unyevu wake wa uwiano unaporomoka hadi kama asilimia 10. Umejijengea kipande cha jangwa katikati ya Vingunguti. Karatasi ikipita humo inatoka imekauka, nayo inaanza tabia za filamu: inajibandika kwenye rola, inakataa kupangika, inakupiga kidole. Chumba chenye kiyoyozi kinafanya jambo linalofanana, kwa sababu kiyoyozi kinakamua maji hewani na kuyamwaga nje kwa bomba.

Kwa hiyo ule mtindo wa kumwaga maji sakafuni kila mashine "inapopiga", tuuache. Unaweka maji na umeme wa TANESCO mahali pamoja, watu wanateleza, na filamu haijapata kitu. Kwa karatasi tupu chumba chenye unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kinasaidia kweli, lakini pima kwa haigromita pale pale karatasi ilipo, si ofisini kwa msimamizi.

Chaji inavyozaliwa

Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na elektroni za mwenzake. Kusugua kunaongeza tu. Kugusana na kuachana kunatosha. Sasa hesabu rola zako. Filamu inayokimbia mita 300 kwa dakika na kupita rola 20 inagusa na kuachana mara 20, na kufungua jora lenyewe ni kuachana kukubwa kuliko zote.

Chaji hiyo ikikaa kwenye chuma au kwenye mwili wa mtu, inatembea. Unaweka waya mmoja wa ethi na yote inashuka ardhini. Ikikaa kwenye filamu, imeganda palipo. Hapa ndipo mafundi umeme wazuri kabisa wanapopotea. Nimewaona wamefunga waya wa ethi kwenye kila boliti ya slita, ile mashine ya kuchana majora, mita inasoma safi, na jora bado linarusha cheche. Ethi huondoa chaji ya chuma. Ya filamu haiondoki kwa waya. Inahitaji kuletewa ayoni, yaani chembe za hewa zenye chaji, kwa njia ya hewa, ichague za kinyume chake na kujituliza.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Kijana mmoja wa shifti ya usiku alinijia: "Shikamoo fundi. Ile slita inapiga tena." Nikamjibu, "Marahaba mdogo wangu. Inapiga wapi?" "Pale kwenye kukunjia." Nikamuuliza imeanza wapi. Hakujua, na mimi pia sikujua, kwa sababu mahali inapopiga na mahali inapozaliwa ni nadra kuwa pamoja.

Nunua mita ya stetiki ya mkononi. Ni kifaa kidogo kinachopima uga wa umeme bila kugusa na kukuonyesha kilovolti. Nyingi zimetengenezwa kusoma sahihi zikiwa milimita 25 kutoka kwenye filamu. Ukiisogeza karibu au mbali zaidi, namba ni uongo. Soma kijitabu chake, wengine wanatumia umbali tofauti. Mwenye kuishika awe ameungana na ethi, la sivyo mita inapima na chaji ya mwili wake.

Pima filamu ikiwa hewani, katikati ya rola mbili, mbali na chuma chochote. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuelekeza mita kwenye filamu iliyolala juu ya rola. Rola ya chuma iliyo chini huuvuta uga kwake, mita inasoma kidogo, na wewe unaondoka ukisema hapa pako salama. Sogea sentimita chache mbele, filamu inapoiacha rola, namba inaruka.

Chora mashine yako kwenye karatasi, hata kwa mkono. Weka alama kila nafasi ya wazi kuanzia kufungulia hadi kukunjia, na uandike namba pamoja na alama yake, chanya au hasi. Fanya hivyo kwa kasi ya kawaida ya uzalishaji; mashine ikitembea polepole kwa ajili ya fundi haitakuonyesha kitu. Na angalia vidole na mikono ya shati. Mita haina thamani ya kukufanya uvutwe kwenye rola za kubana.

Kipimo changu cha kazi ni hiki: chini ya kilovolti 5 hewani, kazi nyingi za filamu kavu zinaenda. Ikipita 10, utaona vumbi linarukia filamu na mifuko ikigandana. Mtu huanza kuhisi shoti mwili wake ukiwa na kama volti 3,000, kwa hiyo opareta akisema hasikii kitu haina maana kwamba hakuna kitu.

Hatua ya 2: Ethi kwa kila chuma

Hatua hii ni rahisi, ila usiiruke, kwa sababu chuma kisichounganishwa ni hatari kuliko filamu yenyewe. Filamu hutoa chaji yake kwa vipande, eneo dogo kwa wakati mmoja. Rola ya chuma iliyotengwa hutoa yote kwa cheche moja.

Zima mashine, funga swichi kuu kwa kufuli yako. Chukua multimita, ncha moja kwenye baa ya ethi ya kiwanda, nyingine kwenye fremu, kisha kwenye kila rola. Kwa umeme tuli peke yake hata ukinzani wa omu milioni moja ungetosha kushusha chaji. Lakini chuma kwa chuma kilichofungwa vizuri lazima kisome chini ya omu 10, na ukipata zaidi ya hapo kuna boliti imelegea, rangi imezuia au kutu imeingia. Sisi tulio karibu na bahari tunaijua hiyo kutu. Hewa yenye chumvi inakula vibano vya ethi taratibu, na kwa nje kibano kinaonekana kizima. Kifungue, kikwangue, kipake grisi ya kuzuia kutu, ukifunge tena. Mimi hufanya hivyo masika inapoisha.

Wasumbufu ni rola zenye bushi za plastiki, ambazo zinaelea bila ethi miaka nenda rudi, na rola zenye beringi zilizojaa grisi. Hizi za pili zikisimama zinasoma vizuri. Zikizunguka kwa kasi, utando wa grisi unaweza kuitenga rola na fremu. Ukiona cheche mwisho wa shafti wakati mashine inakimbia, weka brashi ndogo ya kaboni inayogusa shafti na kuiunganisha na fremu.

Hatua ya 3: Punguza inayozaliwa

Rola za kubana zilizokazwa kupita kiasi zinaongeza chaji, na rola iliyokwama ambayo filamu inateleza juu yake inaongeza zaidi. Zungusha kila rola kwa mkono. Isiyozunguka kwa kidole kimoja, badilisha beringi. Ukiwa hapo, linganisha kasi za sehemu mbalimbali ili filamu isiburuzwe.

Angalia pia ule utepe wa Teflon kwenye taya za kuchomea mifuko. Tunaupenda kwa kuwa plastiki haigandi kwake, lakini Teflon iko mwisho kabisa kwa upande wa vitu vinavyonyakua elektroni; karibu chochote kinachougusa kinaondoka na chaji. Huwezi kuuondoa. Unachoweza ni kujua kwamba baada ya taya hizo lazima pawe na kifaa cha kuondoa chaji.

Kuna dawa za kuchanganya kwenye malighafi ya filamu. Zinapanda taratibu hadi juu ya filamu, mara nyingi kwa siku moja au mbili, na zinafanya kazi kwa kuvuta unyevu wa hewani. Hapa Dar inatusaidia kweli, tofauti na miji mikavu. Lakini dawa hiyo hiyo iliyoko juu ya filamu inaweza kuzuia wino au gundi kushika, kwa hiyo ongea na mchapaji kabla ya kuagiza. Wale wanaofuta rola kwa dawa ya kulainishia nguo: inafanya kazi kwa saa chache, inaacha utelezi, na haifai kabisa kwa filamu itakayogusa chakula.

Hatua ya 4: Weka kiondoa chaji mahali pake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kipo cha bei ndogo kisichotumia umeme: brashi ya nyuzi za kaboni, au ule uzi wa metali unaometameta kama mapambo ya Krismasi. Unafungwa ukipita upana wote wa filamu, milimita 3 hadi 6 kutoka juu yake bila kugusa, na ncha zote mbili zimeunganishwa na ethi. Chaji ya filamu yenyewe ndiyo inayotengeneza ayoni kwenye ncha kali za nyuzi. Ndiyo maana kifaa hiki hakifiki sifuri: chaji ikishuka hadi kilovolti chache, hakuna tena nguvu ya kutengeneza ayoni, kinalala. Kwa shida ya kawaida ya kugandana, kinatosha kabisa, na nimekifunga sehemu nyingi kuliko vifaa vya bei kubwa. Uzi usiounganishwa na ethi, kwa upande mwingine, ni pambo la Krismasi kweli. Nimewahi kuukuta umefungwa kwa kamba ya nailoni.

Cha pili ni baa ya ayoni yenye umeme. Ndani ina safu ya sindano zinazolishwa volti elfu kadhaa na transfoma yake, nazo zinarusha ayoni chanya na hasi. Hii inashusha chaji hadi karibu na sifuri, ikiwekwa vizuri. Kuiweka vizuri ni haya:

Baa itazame filamu iliyo hewani. Ukiifunga ikitazama filamu juu ya rola, uga umevutwa na rola, filamu haiziiti ayoni, na baa inanguruma bure.

Baa za umbali mfupi zikae kama milimita 25 hadi 40 kutoka kwenye filamu, na nyuma ya filamu pasiwe na chuma karibu. Ayoni hazina uaminifu. Zikiona kipande cha fremu chenye ethi karibu kuliko filamu, zinakwenda huko. Acha sentimita 10 hadi 15 za hewa.

Baa ipite kingo za filamu kwa sentimita chache kila upande, maana ukingoni ndiko makali ya kisu yanakotengeneza chaji.

Na iwe upande ule ambao chaji imezaliwa. Chaji ikiwa chini ya filamu nawe ukarusha ayoni juu, ayoni zitatua juu na kukaa zikitazamana na chaji ya chini. Mita itasoma sifuri, wewe utafurahi, na tatizo litakuwa limejificha ndani ya jora. Nitalirudia hili mwishoni.

Kuhusu mahali kwenye mashine: kifungie baada ya rola ya mwisho kabla ya tatizo. Kila rola inazaa chaji upya. Ukiondoa chaji kwenye kufungulia, halafu filamu ikapita rola 12 kabla ya kufika kwenye wino, umeogesha mtoto asubuhi na kumwacha acheze kwenye tope hadi saa ya wageni. Kama vumbi linaingia kwenye lamineshoni (kubandika tabaka), baa iwe mara tu kabla ya rola za kubandika. Kama wino unatoa nywele nywele pembezoni mwa herufi, baa iwe kabla ya kituo cha uchapaji. Na popote penye kifaa cha korona cha kufanya filamu ishike wino, weka kiondoa chaji baada yake, maana korona inamwaga chaji kwa makusudi.

Kuna hesabu moja ya baa za umeme wa kawaida wa mzunguko wa 50 kwa sekunde. Baa hizi zinatoa ayoni chanya kwa sekunde 0.01, kisha hasi kwa sekunde 0.01. Filamu ikienda mita 300 kwa dakika, ni mita 5 kwa sekunde, yaani sentimita 5 kwa kila nusu mzunguko. Baa ikiwa karibu mno au filamu ikiwa na kasi kubwa, utaichapa filamu mistari ya chanya na hasi kama punda milia, sentimita tano kwa tano. Isogeze nyuma kidogo ili mawingu ya ayoni yachanganyike kabla ya kutua, au tumia baa ya aina nyingine iliyotengenezwa kwa kasi hiyo.

Kwa wanaonunua mashine za mtumba kutoka nje: baa zilizokuja nazo mara nyingi zimekufa, na transfoma yake inaweza kuwa ya volti 110. Kuna mashine za zamani zilizokuwa na vifaa vya mionzi vyenye polonia-210. Nusu ya nguvu zake huisha kwa siku 138, kwa hiyo baada ya miaka michache hakifanyi kazi. Ukiona alama ya mionzi, ile ya feni yenye mapanga matatu, usikifungue wala usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wapigie Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Hatua ya 5: Jora linalokua

Filamu inaweza kusoma kilovolti 2 tu hewani, halafu jora likasoma 40. Watu wanadhani mita imeharibika. Ni kama michango ya harusi: kila mmoja katoa kidogo, lakini mweka hazina ana bunda. Kila tabaka linaleta chaji yake na kuilaza juu ya ile ya chini.

Baa ya umbali mfupi hapa haifai, kwa sababu jora linakua na kuifuata. Tumia baa ya umbali mrefu, ifungwe sentimita 30 hadi 60 kutoka jora likiwa limejaa, ikitazama mahali filamu inapoingia. Kama bajeti hairuhusu, weka brashi ya kaboni baada ya rola ya mwisho kabisa, sehemu ya hewani kabla ya jora. Inapunguza kwa kiasi kikubwa.

Na opareta asikate wala kushika jora kubwa lililotoka kukunjwa akiwa amesimama kwenye paleti ya mbao kavu au karatasi ya plastiki. Mbao kavu inamtenga na ardhi. Chaji inamjaa yeye, na cheche inayotoka kwake kwenda kwenye fremu ni kali kuliko ile ya jora.

Viyeyushi: hapa hakuna mzaha

Mvuke wa ethili asetati unahitaji cheche ya nusu milijuli hivi kuwaka. Wa toluini unahitaji nusu ya hiyo, kama 0.24. Sasa mtu wa kawaida aliyejaa chaji ya volti 10,000, ukihesabu uwezo wa mwili wake kuhifadhi chaji kuwa pikofaradi 150, ana milijuli 7.5. Ana kibiriti kidoleni, zaidi ya mara kumi ya kinachohitajika kuwasha mvuke huo. Na ethili asetati hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi 4 chini ya sifuri, kwa hiyo Dar haina siku hata moja ya usalama wa baridi.

Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi zamani, jina halina faida, kijana alikuwa akijaza kiyeyushi kutoka kwenye pipa kwenda kwenye dumu la plastiki la lita 20, lile la mafuta ya kula. Pipa halikuwa na ethi. Moto ulitokea mdomoni mwa dumu. Tuliuzima, na aliungua mikono. Tangu siku ile sivumilii dumu la plastiki karibu na kituo cha wino.

Kwa hiyo: tumia chombo cha chuma. Unganisha pipa na chombo kwa waya wenye kibano cha meno yanayopenya rangi, kabla hujafungua koki, na usitoe waya mpaka umefunga. Bomba lifike karibu na chini ya chombo ili kiyeyushi kisimwagike kutoka juu, na koki ifunguliwe taratibu. Pampu na mifereji ya wino iwe na ethi. Matambara ya kufutia yawe ya pamba, na usifute rola inayozunguka kwa tambara la nailoni lenye thina.

Baa ya ayoni ya kawaida haifungwi ndani ya kituo cha viyeyushi. Nunua iliyothibitishwa kwa mazingira ya mlipuko, na mwuzaji akuonyeshe cheti. Kabla ya hapo feni ya kunyonya mvuke iwe inafanya kazi, na swichi yake ifungamane na mashine, ili feni ikizimika mashine isimame.

Kizima moto cha unga na cha gesi ya kaboni dioksidi viwe karibu. Ila usipulizie kaboni dioksidi kwenye pipa "kwa tahadhari" kabla hapajawaka kitu. Gesi hiyo ikitoka kwa nguvu na barafu yake inazalisha chaji yenyewe. Namba ya Zimamoto ni 114, ibandikwe ukutani pamoja na ramani ya kiwanda. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, watauliza mengi, lakini nawaambia vijana wasimsubiri mkaguzi.

Viatu na sakafu

Yeboyebo, kandambili na raba za soli nene zinamtenga mtu na ardhi. Nunua viatu vya kupitisha chaji kwa kiasi, vile ambavyo mtu akisimama kwenye sakafu yake ukinzani wote uko chini ya omu milioni 100 lakini juu ya omu 100,000. Kiwango cha chini kipo ili mtu akigusa waya wa TANESCO asiunganishwe moja kwa moja na ardhi. Sakafu ya zege tupu inafaa. Ya epoksi ya kawaida inazuia, na wino uliokauka chini ya soli unazuia pia. Nguo za poliesta zisivuliwe karibu na wino. Kuvua ndiko kunakotoa cheche.

Usafi wa sindano

Baa nyingi ninazoitwa kuzitazama hazijaharibika, ni chafu. Vumbi la karatasi, nta na ukungu wa wino hujenga utando kwenye sindano na ayoni zinakoma. Kila wiki, au kila siku kwenye mashine za karatasi: zima umeme wa baa, subiri, chukua mswaki wenye nyuzi ngumu, safisha sindano na mfereji uliopo kati yake, kisha futa kwa pombe safi ya aisopropili kidogo na uache ikauke kabla ya kuwasha. Usitumie brashi ya waya. Na acha ule mchezo wa kusogeza bisibisi kwenye sindano ili kuona cheche. Ukitaka kujua kama baa inafanya kazi, pima filamu kabla na baada yake: kama namba zinafanana, baa imelala.

Andika namba hizo kwenye daftari la mashine, tarehe na jina la filamu. Ukiwa na miezi miwili ya namba utaona baa inaanza kuchoka kabla opareta hajalalamika.

Mita ikisoma sifuri na vumbi bado linakuja

Nilisema nitarudi kwenye chaji za pande mbili. Filamu ikiwa na chanya juu na hasi chini kwa kiasi kilekile, mita haioni kitu, kwa sababu zinafichana. Zinajitokeza tabaka zinapoachanishwa: jora limelala ghalani siku mbili, unalifungua kwa mteja linapiga, au mifuko inakataa kufunguka mdomo.

Ukishuku hivyo, kata kipande cha filamu, kipeleke mbali kabisa na viyeyushi, kwenye meza kavu, na ukinyunyizie unga kidogo wa wino wa mashine ya fotokopi. Kipulize taratibu. Palipo na chaji unga utashika, na mara nyingi utaona mchoro: mistari ya upana sawa ikionyesha baa iliyo karibu mno, au nyota zenye matawi kama mizizi, mahali cheche ilipopita. Pima umbali kati ya alama mbili za nyota. Ukilingana na mzingo wa rola fulani, umeipata rola yako. Kiondoa chaji kifungwe mara baada ya rola hiyo, upande unaoigusa, kabla filamu haijakutana na rola nyingine yoyote. Kipenyo cha rola kizidishe mara 3.14, na beba futi ya kupimia. Ya kwangu imefutika namba kwa sababu ya kazi hiyo.